Chokoleti ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mtu hajafa nyumbani kwangu, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama utaona nimezunguka, kwa sababu jambo lenyewe nikilianza kati utaniona mwehu.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini, nashona nguo nyumbani, nina mtoto mmoja anaitwa Jordan, na tunaishi na baba yake mume wangu ambaye tulimchukua kutoka Makutupora baada ya mama mkwe kufariki, maana mzee amefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu maisha yake yote, kupogoa na kuvuna, na presha ilipompata tukaona si vizuri abaki kule peke yake. Ni mtu mpole na mcheshi, na mimi namheshimu kama nilivyofundishwa kwetu, sisemi naye nikimtazama usoni, chakula chake naweka kwenye stuli naondoka, chumbani kwake siingii, mwili wake siugusi, na ugonjwa wake si habari yangu bali ya mwanawe. Yeye naye ananiheshimu vivyo hivyo, akitaka kupita uani nilipo na jiko langu la mkaa atakohoa kwanza, na zamani alipokuwa anameza vidonge vya hospitali alikuwa anapita hapo mara kwa mara kwenda chooni, na kila akipita anajifanya ameenda kuangalia kuku, mpaka na mimi nikawa nageukia ukutani ili apite kwa amani.

Sasa mume wangu, Kefa, ni msomi, yuko ofisini, na simu haimtoki mkononi. Siku moja alirudi na chokoleti nyeusi, ile chungu isiyo na maziwa, akasema amesoma kwamba inashusha presha, inalegeza mishipa, inalinda moyo, inaongeza akili, na kwamba wenzetu huko nje wameshaachana na mambo ya kumeza vidonge kila siku. Baba mkwe alionja akakunja uso, akasema, "Chungu kama mwarobaini. Basi hii ni dawa kweli." Tukacheka wote. Ikawa anapewa kipande asubuhi na kipande jioni, kama dozi, tunaihifadhi kwenye friji kwa sababu kwa joto la hapa ukiiacha mezani inakuwa uji, na mzee akawa anatania, "Uzee huu jamani, nimerudi chekechea, napewa pipi." Baada ya wiki kadhaa Kefa alimpeleka duka la dawa akapimwa, presha ikawa nzuri, na siku ile nyumbani ilikuwa kama sikukuu, Kefa akasema sasa mzee apumzishwe na makemikali, na baba mkwe akakubali haraka sana, hakuuliza hata swali moja, akatoa pakiti zake za vidonge akamkabidhi Kefa kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake.

Nilijaribu kusema. Tukiwa wawili nilimwambia, "Baba Jordan, si tumuulize daktari kwanza?" Akanijibu, "Mama Jordan, wewe ni fundi cherehani. Gauni likibana, mimi nakuja kukufundisha? Basi na sayansi niachie mwenyewe." Wifi yangu Loisi naye kila akija Jumapili ananichoma, "Wifi, sema ukweli tu, unaionea gere chokoleti ya mzee. Nitakuletea na wewe kipande, usije ukatuulia baba kwa kijicho." Wanacheka. Nikaona labda kweli mimi ndiye mjinga, maana toka aache vidonge mzee amechangamka, anakaa barazani anapiga soga na wapita njia, hata kule uani hapiti mara kwa mara kama zamani. Ila nikawa namwona anashika kisogo akidhani hakuna anayemtazama, na akiinuka anashika ukuta.

Jumatatu hii asubuhi Kefa yuko kazini, Jordan yuko shule, nilimpelekea uji barazani nikauweka kwenye stuli, nimegeuka tu nikasikia bakuli linaanguka. Nilipotazama, mkono wake wa kulia unaning'inia kama nguo kwenye kamba, mdomo umekwenda upande, uji wa moto umemmwagikia mapajani, na anajaribu kuniambia kitu lakini yanayotoka si maneno. Mshauri, nilisimama. Nilikuwa na kitambaa mkononi, na nilisimama pale pale. Nilichoweza ni kupiga kelele kumwita jirani yangu Naima, mwanamke wa Kondoa ambaye tunatumia naye ua mmoja, akaja mbio akanipiga kikumbo, "Umesimama kama nguzo! Mshike mzee wa watu!" Nikamwambia, "Ni mkwe wangu, Naima." Akasema, "Na akifa atakuwa mkwe wa nani?" Yeye ndiye aliyempangusa, akamshikilia asianguke kwenye kiti, akawa anamsomea dua, na kabla hatujajua tumwite nani mkono ukaanza kusogea, mdomo ukarudi mahali pake, akasema vizuri kabisa, "Nipeni maji."

Naima alipokwenda kuleta maji, baba mkwe alifanya jambo ambalo hajalifanya tangu niolewe. Aliniita karibu, akanitazama usoni, akasema, "Mama Jordan, hili uliloliona limekwisha. Kefa asilijue. Akilijua atanirudisha kwenye vile vidonge, na mimi nikirudishwa kule narudi Makutupora kwenye kibanda changu, nikafie huko na heshima yangu." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Nikaahidi. Na jioni Kefa akarudi, akamkatia kipande cha chokoleti, mzee akala kwa mkono wa kushoto, na mimi nikawa natazama.

Sasa nikisema, nimevunja ahadi niliyompa mkwe, nimeingilia mwili wake, na akiondoka kwenda kukaa peke yake Makutupora ukoo mzima utasema mimi ndiye niliyemfukuza. Nisiposema, nitaamka siku moja nimkute amekufa. Na Jumapili ndugu wanakuja, maana shangazi yao naye ana presha na Kefa anataka kumwanzishia chokoleti aache dawa. Chapisha barua hii ukitaka, ila majina yetu yabadilishe. Nifanye nini?

Mama Jordan,
Chang'ombe, Dodoma


PASKAZIA ANAJIBU

Mama Jordan, barua yako ilinifikia kwenye simu Jumatatu ile ile usiku na sikulisubiri gazeti. Nilikupigia. Ukanong'ona, "Dada, nipo na Baba Jordan sebuleni, siwezi," ukakata. Nikakuandikia kwamba mzee apelekwe hospitali mara moja. Umeusoma ujumbe, hujajibu, na tangu hapo simu yako inaita tu. Kwa hiyo leo nasema mbele za watu, na ukali wangu utanisamehe siku mzee akiwa salama.

Kilichompata mkweo ni dalili ya kiharusi. Mkono kurudi na mdomo kunyooka si kupona. Ni onyo, na baada ya onyo la namna hiyo siku zinazofuata mara moja ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Mzee anayekula kwa mkono wa kushoto hata baada ya "kupona" huenda bado mkono wa kulia haumtii. Uliliona hilo, ukaliandika, ukaendelea kutazama. Mwanamke mwenye macho makali hivyo hana haki ya kujiita mjinga.

Sasa chokoleti. Mtashangaa, mimi si adui yake. Ninayo kwenye droo hapa ninapoandika, nyeusi na chungu, na naila kwa raha. Nimesoma tafiti zake pia, tena nimezisoma mpaka chini kabisa, pale ambapo watu wa simu hawafiki. Ni kweli kakao ina viambata vinavyosaidia mishipa kulegea. Ni kweli waliopimwa, baadhi yao, presha ilishuka. Ilishuka kidogo! Kiasi ambacho mtu mwenye presha kubwa hawezi kukikabidhi maisha yake. Na wengi katika majaribio hayo hawakupewa kipande cha dukani chenye sukari, walipewa kakao iliyochujwa maalumu, mara nyingine imesindikwa ndani ya vidonge. Vidonge, Kefa! Ulichokisoma ili umtoe baba yako kwenye vidonge kilipimwa kwa vidonge. Tena baadhi ya tafiti hizo zimelipiwa na wenye viwanda vya chokoleti, jambo ambalo kwa mtu mzima linatosha kumfanya asome mara ya pili. Na katika yote niliyosoma sijaona hata sehemu moja mgonjwa anaambiwa atupe dawa zake. Kwenye utafiti huandikwa "huenda ikasaidia kidogo." Likifika kwenye kundi la ukoo limekuwa "inatibu." Hapo katikati kuna watu waliosoma nusu, na nusu ya kusoma imejaza wodi nyingi kuliko kutojua kusoma.

Na kile kipimo cha duka la dawa kilichowafanya msherehekee? Mzee alipopimwa siku ile alikuwa bado anameza vidonge. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi, chokoleti ikapokea pongezi. Ng'ombe amelima, punda amesifiwa, halafu mkamchinja ng'ombe. Toka siku hiyo nani amempima tena? Hakuna. Msomi wetu alipima mara moja, akapata jibu alilolitaka, akaacha kuuliza. Halafu ndiye anayemwambia mke wake amwachie sayansi.

Mzee naye, shikamoo baba, lakini nitasema. Uchungu si ushahidi wa dawa. Nyongo ya kuku ni chungu na hakuna anayeilamba asubuhi na jioni.

Lakini Mama Jordan, ugomvi wangu na chokoleti ni mdogo kuliko unavyodhani, kwa sababu nikiisoma barua yako naona chokoleti haikumtoa mzee kwenye vidonge. Ilimpa njia ya kutokea. Kwa nini mtu mwenye presha akabidhi dawa zake bila swali hata moja? Kwa nini aseme afadhali akafie kibandani Makutupora kuliko kurudishwa "kule"? Jibu umeliandika mwenyewe kwa mkono wako na hukuliona. Vidonge vya presha, aina fulani, vinatoa maji mwilini. Anayevimeza anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena. Na choo chenu kiko nyuma ya jiko lako. Huyu ni mwanamume wa mila, mkwe wako, anakohoa, anapita mbele ya mkamwana wake, anajifanya anahesabu kuku, anarudi, na kabla hajakaa kibofu kinamwita tena. Wewe unamgeukia ukuta kwa heshima, na kila ukigeuka unamhakikishia kwamba umemwona. Kwako ulikuwa unamsitiri. Kwake ilikuwa fedheha ya kila siku ambayo hawezi kumwambia mwanawe, na wewe ndiye wa mwisho duniani anayeweza kuambiwa.

Ndipo akatokea Kefa na kitu cheusi kwenye karatasi inayong'aa, na masikioni mwa mzee ikawa kama amesema, baba, hiki hakikupeleki chooni. Angekataaje? Uliona amechangamka ukadhani ni afya. Alikuwa amepumzika na aibu. Presha ilikuwa inapanda kimya kimya, naye anapiga soga barazani, mtu huru.

Nimeishi na watu wenye heshima maisha yangu yote na sizikebehi mila za mtu. Baba mkwe na mkamwana kupeana nafasi ni jambo jema, limezuia mengi mabaya katika nyumba zetu, na wanaolicheka wajaribu kwanza kuishi watu sita vyumba viwili. Lakini heshima ilitengenezwa ili watu waishi pamoja. Mtu akiungua kwa uji wa moto na wewe una kitambaa mkononi, umesimama, hiyo si heshima tena, hiyo ni woga uliovaa nguo za heshima. Naima hakukutukana. Alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye ua huo, na mimi ningependa siku moja ninywe naye chai.

Kuhusu ahadi. Unaniuliza kama uivunje. Umeshaivunja, Mama Jordan! Umeniambia mimi, nami kwa ruhusa yako nimewaambia wasomaji wa gazeti zima, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Watu wote hawa wanajua mkono wa mzee ulining'inia Jumatatu asubuhi isipokuwa mwanawe anayelala chumba cha pili. Umemwogopa mtu mmoja ukaenda kusema kwa maelfu. Tena ahadi yenyewe uliitoa kwa mtu aliyekuwa ametoka kushindwa kutamka neno muda mfupi kabla yake. Ahadi inayomfungia mtu mlango akiwa ndani ya nyumba inayowaka haimfungi mtu yeyote mwenye akili.

Utaniambia ukoo utasema umemfukuza. Utasema. Wifi yako ana ulimi, na utautumia. Lakini chagua kati ya Loisi anayesema wifi alimsumbua baba kwa hospitali, na Loisi anayelia kwenye msiba akiuliza nani alikuwa nyumbani siku ile. Swali hilo la pili utalisikia maisha yako yote, na Naima, ambaye hakuahidi mtu chochote, atakuwa amekaa mkekani pale pale.

Kefa, ndugu yangu, najua utaisoma safu hii hata kama majina ni mengine, kwa maana hadithi ya chokoleti na kipimo cha duka la dawa utaitambua. Sikuoni mtu mbaya. Mtu mbaya hamnunulii baba yake kitu kila wiki akakikata vipande kwa mkono wake. Unampenda. Ila umempenda kwa kichwa kigumu, na mke wako aliposhuku ulimrushia cherehani usoni. Fundi akishona, kabla ya kukata kitambaa anapima, anapima tena. Wewe ulipima mara moja ukakata. Usimwulize mkeo kwa nini aliniandikia. Jiulize kwa nini aliona ni rahisi kumwandikia mwanamke asiyemjua kuliko kukuambia wewe mezani. Na shangazi yako asiguswe. Akija Jumapili, mpe chakula, mpe kiti kizuri, na mwache na dawa zake.

Haya, Mama Jordan. Gazeti hili linatoka Jumamosi na Kefa yuko nyumbani. Usisubiri ale, usisubiri wageni wa kesho, usitafute maneno mazuri. Mwambie, "Baba Jordan, Jumatatu baba alipooza mkono na mdomo ukaenda upande, nilimwona kwa macho yangu, twende hospitali sasa." Ukishindwa kusema, mwekee ukurasa huu mbele yake na usimame hapo mpaka amalize. Mwite Naima awe shahidi, yeye hatanong'ona.

Chukueni zile pakiti za vidonge, kama Kefa hakuzitupa, muwaonyeshe madaktari alichokuwa anameza na tangu lini ameacha. Msimrudishie vidonge wenyewe nyumbani kwa kubahatisha, kipi na kiasi gani wataamua wao. Chokoleti msiifiche, itajeni pia. Halafu Kefa aingie peke yake na baba yake, mwanamume na mwanamume, amwambie daktari habari ya choo. Zipo dawa za aina nyingine, na zipo saa bora za kumeza hizo hizo. Daktari hawezi kutatua aibu ambayo hakuna aliyemtajia. Na mkirudi nyumbani, jiko lako lihamie upande wa pili wa ua, karibu na kwa Naima, au Kefa azibe pale kwa turubai na miti michache ili mzee apite anapotaka bila kukohoa na bila kuku. Kazi ya asubuhi moja. Akitaka kipande cha chokoleti baada ya chakula, na daktari hana neno, mpeni, akile kwa utamu wake.

Mzee atakataa kwenda. Atataja Makutupora. Mwambieni zabibu zipo, zitamsubiri, na mtampeleka wenyewe akishapimwa. Asipande bodaboda, anaweza kudondoka. Tafuteni bajaji, mzee akae nyuma katikati, Kefa upande mmoja na wewe upande mwingine, na barabara ikiwa mbaya umshikilie mkono ule wa kulia mpaka mfike.